Bamba la Ndege Juu ya Pilau

Jumatatu, 14 Oktoba 1957
Yosefu, fundi wa karakana ya ndege Dar, amethibitisha leo: bamba alilonipa ni titani, iliyochanganywa na madini mengine. Nguvu yake ya wastani. Ila ni jepesi, nusu ya uzito wa chuma na ushei. Halishiki kutu hata likilala baharini. Na moto hulipita kwa shida. Likiwa mfuniko wa sufuria, vidole salama! Nimempa shikamoo, ingawa ni mdogo kwangu.

Jumatano, 16 Oktoba
Jumamosi Bi Ashatu wa Zinga anamwoza bintiye. Nimekwenda kuomba upishi. Miaka yote hupika Mwinyimvua, na ule mfuniko wake wa chuma, kutu tupu, hubebwa na watu wawili. Wangu mkono mmoja! Bi Ashatu akasema haya baba, jaribu; ila pilau ikiharibika, nisikanyage tena uani kwake wala kwa shoga zake. Hao ndio wenye harusi zote za huku. Mwinyimvua amesema mimi hata uji naunguza. Wivu.

Jumamosi, 19 Oktoba, adhuhuri
Nimefunika sufuria, nimepalia makaa juu. Mekundu! Nikashika ukingo wa mfuniko kwa mkono mtupu. Sikuungua! Vigelegele. Nikarudia. Vigelegele tena!

Alasiri
Tumefunua. Juu mchele mbichi, unaelea. Moto wote umebaki na makaa. Mwinyimvua akauliza wageni wapewe sahani au vikombe. Akaleta kutu yake, akapalia upya. Watu wamekula magharibi. Bi Ashatu alinishukuru kwa adabu, akanionyesha barabara ya Bagamoyo.

Jumapili, 20 Oktoba
Kosa nimelijua: watu wa Zinga hawana subira. Mke wangu Sikuzani anasema nimrudishie Yosefu bamba lake. Hajui kitu! Jepesi, halishiki kutu: hili limeumbwa kwa ajili ya bahari. Nimemwahidi kaka yake, shemeji Mwinshehe, nanga ya ngalawa yake mpya. Keekee mbili zimevunjika katika kutoboa tundu la kamba. Uimara ulioje! Nanga hata mtoto ataiinua! Shemeji akauliza kama itaizuia ngalawa. Nikamjibu haitashika kutu. Tunaishusha Jumamosi tarehe 26, maji yakijaa. Nimemwalika na Mwinyimvua aje ajionee.