Barua za Dawati la Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Hili sijamwambia mtu yeyote. Mwaka jana, nikiwa kidato cha nne, niliugua siku tisa. Niliporudi nikachungulia rejista ya darasa. Siku zote tisa nimewekewa alama ya kuwepo! Hakuna aliyegundua.

Sasa nimemaliza, nasubiri matokeo. Namsaidia shangazi, karani wa shule ileile, kunakili rejista. Kidato cha kwanza kuna msichana mgeni. Wakati wa mapumziko hula mkate wake nyuma ya maabara, amesimama, uso ukutani. Mahali pangu palepale. Mwalimu wa malezi ametundika bango: HAPA NI KWENU. Limeziba dirisha zima. Bango! Mimi nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Nimeingia darasani kabla ya kengele. Nimemwachia barua: “Tunafurahi uko nasi. Sisi wa dawati la nyuma.” Dawati la nyuma ni wasichana watatu wanaocheka sana. Ndiyo maana nimewachagua.

Saa nne nimemwona akitabasamu peke yake! Mwalimu wa malezi kasema bango limeanza kufanya kazi.

Jumatano, 6 Machi
Barua ya pili: “Leo njoo tule pamoja.” Nilidhani akishafika wataona haya kumfukuza.

Akaenda na mkate wake, akawashukuru kwa barua. Wakatazamana. Mmoja akauliza barua gani tena. Mwingine akampokonya, akaisoma kwa sauti, kisha akamuuliza, shoga, mbona umejiandikia mwenyewe? Na majibu unajitumia lini? Darasa likavunjika mbavu. Mimi nilikuwa mlangoni, rejista mkononi. Nikageuka, nikarudi ofisini.

Kufikia kengele ya mwisho alishapewa jina: Posta. Hata kidato cha tatu wanamjua sasa.

Alhamisi, 7 Machi
Kaja ofisini na barua zote mbili, zimelowa jasho la kiganja. Kaniamkia shikamoo! Mimi, wa miaka kumi na minane! Akauliza kama naujua mwandiko ule, maana rejista zote hupitia kwangu. Akasema hataki ugomvi na mtu. Anataka tu kujua kwamba aliyeandika yupo kweli.

Rejista ilikuwa wazi mezani, mwandiko uleule ukurasa mzima. Nikaiwekea kiwiko. Nikasema sijui, mdogo wangu. Akasema asante, dada.

Asante!

Ijumaa, 8 Machi
Dawati lake tupu. Mama yake kaja kuchukua barua ya uhamisho. Shangazi kamuuliza anampeleka shule gani. Akasema hajui, mtoto amekataa hata kuigusa sare.

Shangazi kaniagiza nilipige mstari jina lake. Mkono umegoma. Nimemwekea alama ya kuwepo. Angalau humu bado yumo.

Jumatatu, 11 Machi
Mwalimu wa malezi kaleta bango la pili. Maskini, hajifunzi.

Kwenye lile dawati tupu ameketishwa mgeni mwingine. Mpole, hainui macho. Nimeshajua nilipokosea: barua zilikuwa fupi mno. Hii ina kurasa tatu, na nimeiandika kwa mkono wa kushoto.

Wewe uliyelifungua daftari hili, hata kama ni shangazi, nakuomba lifunge hapahapa na usimwambie mtu. Hasa huyu mgeni. Kesho asubuhi atafurahi sana.