Sensa ya Waya Tano na Likizo ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaanza likizo. Siku sita. Ni muuguzi, kazini kwake ni mwendo wa saa saba kutoka hapa, hatujaonana tangu Desemba. Kapiga simu: nipande basi, nifike kabla giza halijaingia. Nimekataa kuwasili kama kifurushi. Nitakwenda na gari letu, injini ikinguruma kama enzi za uchumba. Kacheka. Kicheko hicho nimeshinda nacho kutwa.

Gari linakohoa mlimani na kutoa moshi mweusi. Dawa naijua: sensa, yaani kihisio, ya oksijeni ya waya tano. Inakaa kwenye ekzosi, bomba la moshi, inakupa kipimo kamili cha petroli na hewa. Ile ya kawaida husema petroli imezidi au imepungua, basi, kama shahidi mwoga.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vipuri. Sensa za aina mbili. Moja haihitaji kusawazishwa, unaifunga tu. Nyingine sharti uisawazishe kwanza kwenye hewa safi. Nilisimama kaunta mpaka wakaanza kufagia miguuni pangu. Nimerudi mikono mitupu, nikatafakari. Haraka haraka haina baraka.

Mke kauliza nimefika wapi. Nimemjibu moyo umeshafika, mwili unafuata.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji, kaka yake mke wangu, dereva wa lori, kachungulia injini. Kashauri nibadilishe plagi na chujio la hewa, niondoke. Kwa kumkomoa nimenunua sensa saa ileile. Ya kufunga tu.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa kuchomelea alitaka kuiweka juu ya bomba, isilowe maji yanayotuama ndani. Nimemwamuru chini, waya zisionekane, ipendeze. Namba kwenye kioo cha kipimo zikatulia. Nikampigia mke, nikasogeza simu kwenye injini.

“Nimeisikia,” akasema. “Mimi nataka kukuona wewe.”

Nimemwomba siku moja ya kurekebisha kiasi cha petroli.

Ijumaa, 7 Machi

Namba zimetoweka. Sensa imelowa, imekufa. Fundi alinyoosha kidole juu ya bomba.

Shemeji alipanda basi jana. Katuma picha: yeye na dada yake wamekaa mezani, kiti cha tatu kitupu. Mke wangu kasuka nywele upya. Nimeikuza picha mpaka uso wake ukawa madoadoa.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani sensa zimekwisha. Nimengoja mzigo hadi jioni. Tumefunga ya pili, juu.

Jumapili, 9 Machi

Mke karudi zamu. Kapiga simu akivaa sare. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Likizo nyingine ni Juni.

Nimekaa garini mchana kutwa, kiti chake nimekilaza anavyopenda. Injini laini kama hariri. Basi la kwenda kwake likapita, nusu tupu. Nikajiuliza nilikosea wapi, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikajijibu kwa ukweli.

Silinda nne, sensa moja. Zilitakiwa nne. Kesho nitakuwa dukani kabla hawajafungua.