Woga wa Binti Yangu Urudishwe

Naguru, Kampala
Jumatano asubuhi

Kwa Sista Goretti,
Mshauri wa watoto,
Kikundi cha Jumamosi cha Familia za Selimundu,
Wandegeya.

YAH: KUPUNGUZWA KWA WOGA WA BINTI YANGU BILA RUHUSA YANGU

Sista mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na watoto wote wanaokuja kwako na vichupa vyao vya maji. Mimi ni Nasur Marjan, sajini mstaafu wa polisi, baba yake Iman, yule wa miaka kumi anayependa kukaa dirishani. Nilikaa kaunta miaka ishirini na sita nikiandika malalamiko ya watu wengine. Leo ni zamu yangu, nami nitafuata utaratibu uleule: tukio, shahidi, mshukiwa. Mshukiwa ni wewe.

Utakumbuka kwamba miezi mitatu iliyopita nilikuletea mtoto mwenye woga wa kutosha. Alikuwa akiogopa sindano, mvua, baridi, na maumivu ambayo hata hayajaanza. Nilikuomba umsaidie kidogo. Sikukuomba uumalize wote. Sasa nyumba yetu imebaki na mtu mmoja tu anayeogopa, na kazi imemzidi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maswali. Uliniambia nimuulize Iman kama anaumwa mara moja tu kwa siku. Mimi nilikuwa namuuliza mara kumi na nne. Idadi naijua kwa sababu nina kitabu cha matukio, cha jalada gumu, kama kile cha kaunta: saa, joto la mwili, rangi ya macho, maelezo ya mtoto. Siku hizi ikifika saa moja na dakika kumi asubuhi swali langu limekwisha, na mchana kutwa nazunguka nyumbani kama askari aliyenyang'anywa filimbi. Juzi nilijaribu kupita mlango wa nyuma, nikamuuliza kama paka anaumwa. Hatuna paka. Iman akasema, "Baba, Sista alisema mara moja."

2. Pumzi. Umewafundisha watoto kuvuta pumzi polepole kama wananusa pilau, kisha kuitoa kama wanapoza chai. Wiki jana tulikwenda kliniki kutolewa damu. Sindano ilipofunguliwa, Iman alinishika mkono mbele za watu akasema, "Baba, nusa pilau. Haya, poza chai." Nikanusa. Nikapoza. Muuguzi, binti mmoja aitwaye Aryemo, akauliza, "Mzee, kwani leo natoa damu ya nani?" Kisha akaniletea kiti. Babu yangu, askari wa Kinubi, aliingia nchi hii na bunduki begani, Sista, na kwetu husemwa hakuwahi kukaa akiwa kazini.

3. Kawa. Mke wangu Husnah hufuma makawa ya kufunikia chakula, kama mama yake na bibi yake wa Kinubi. Ulimwambia Iman achukue moja, na kila hofu ikimjia aichore kwenye karatasi, aiweke chini ya kawa, asiifunue mpaka Jumamosi akiwa nawe. Kumwambia polisi kwamba nyumbani kwake kuna kitu kimefunikwa naye asikiguse ni uchokozi. Ijumaa, Iman akiwa shule, nilifanya upekuzi. Hati sikuwa nayo.

Nilitarajia sindano. Nilijiandaa hata kukuta kaburi. Zilikuwa karatasi saba. Moja ni sindano, ndogo tu. Ya pili ni tochi, ile ya kazini ninayommulikia machoni kila alfajiri kutafuta unjano. Ya tatu ni kitabu changu cha matukio. Tatu nyingine ni mtu mwenye kofia na masharubu, na ninamfahamu. Ya saba ni bomba la maji, na chini yake ameandika: Baba akifungulia maji bafuni ndiyo analia. Mimi nilidhani maji yanapiga kelele kunishinda.

Hapa nina neno ambalo sitalipa namba. Wazee walipotuoza mimi na Husnah walichunguza ukoo, dini, na tabia za mashangazi. Damu hawakuiuliza. Kumbe kila mmoja wetu alibeba nusu ya ugonjwa huu wa selimundu, tukampa mtoto zote mbili. Najua unatuambia hakuna mwenye kosa. Lakini penye tukio polisi hutafuta mtu, na mimi miaka kumi mtu huyo ninaye, nampunguza masharubu kila asubuhi mbele ya kioo. Inaniuma, Sista.

4. Luzira. Jumatatu darasa la Iman litakwenda ufukweni Luzira. Mwalimu Nabangala anataka fomu ya ruhusa irudi Ijumaa. Wewe umemwandikia kwamba Iman anaweza kwenda: avae sweta, anywe maji, akichoka apumzike, ziwani asiingie. Mtoto amefurahi bila hata chembe ya hofu, jambo ambalo kwa uzoefu wangu linatia shaka. Kwa hiyo nadai:

(a) ziwa lipashwe moto kabla ya Jumatatu, angalau upande wa bandari ya Port Bell, maana baridi ndiyo humwamshia maumivu;

(b) upepo uzuiwe mpaka saa tisa alasiri;

(c) ikishindikana, darasa zima lije Naguru, nitapanga mabeseni uani, maji ya uvuguvugu, na watoto sitini watayatazama kwa zamu;

(d) hilo nalo likishindikana, Iman arudishiwe woga wake wote, akatae safari mwenyewe, ili mimi nisiwe baba aliyemkatalia. Kama umeshautupa, nitakubali kuazima wa mtoto mwingine.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema alie bafuni.

Nisalimie Aryemo na kiti chake, Mwalimu Nabangala, na wazazi wote wa Jumamosi, hasa Mzee Ongom anayetuletea njugu na haulizi kitu. Husnah anakusalimu. Yeye hana lalamiko lolote, na hilo pia nalilalamikia.

Nabaki mwenye masikitiko yaliyopangwa kwa namba,

Sajini (Mstaafu) Nasur Marjan

Nyongeza: Iman ameikuta barua hii mezani chini ya kitabu cha matukio, akaifunua. Hati hakuwa nayo. Ameisoma mpaka mwisho, akaja kukaa karibu nami, akaniuliza mara moja tu, "Baba, unaumwa wapi?" Nilimwambia. Bomba hatukulifungulia.

Fomu ya Luzira imo humu, nimeisaini, tafadhali ifikishe kwa mwalimu kabla sijabadili mawazo. Jumamosi nitakuja mwenyewe. Iman anasema dirishani tutaenea wawili. Bahasha ni nzito kwa sababu ya tochi. Kaa nayo. Betri nimebaki nazo kwanza.