Kikombe cha Kwanza ni cha Mwalimu

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Kamaludin kapewa kahawa ya kwanza tena! Namzidi miaka minne, lakini Charo muuza kahawa asema kikombe cha kwanza barazani ni cha mwalimu. Mwalimu gani? Ana ukurasa wa Fesibuku tu, wabara wanaandika insha za Kiswahili, yeye anasahihisha. Mimi mzaliwa wa Kibokoni! Shule niliacha darasa la tatu, mwalimu hakuwa na jipya la kunipa. Nimefungua ukurasa wangu. Kidole kimoja, asubuhi nzima.

Jumanne, 2 Septemba
Wanafunzi wawili! Oliver, mfanyakazi wa reli, na Wanza, karani kutoka Machakos. Wanza ana mtihani wa kazi Jumatatu, wa kuandika Kiswahili. Nikamwambia hapa umefika, mwanangu. Insha zao ndefu mno. Nimesoma mstari wa kwanza, nikatia kopa jekundu, ile alama ya moyo, na "Hongera!" Mpishi hamalizi sufuria ndipo ajue chumvi.

Jumatano, 3 Septemba
Wanafunzi kumi na mmoja. Kopa, kopa, kopa. Kamaludin ajisifu kwamba humrudishia mtu insha mara tatu. Ndiyo maana wanafunzi wake wananuna! Charo bado ataka ushahidi kwamba nami ni mwalimu.

Alhamisi, 4 Septemba
Ushahidi huo! Wanza kaandika "Mwalimu Wangu". Yaanza: "Mwalimu wangu ni mzee wa Kibokoni mwenye moyo mkunjufu." Wallahi, machozi yalinilengalenga. Kopa. "Hakuna kosa!" Nikaisambaza kwenye kundi la simu la baraza, la msikiti, na kwa shemeji zangu wa Lamu.

Ijumaa, 5 Septemba
Fedheha. Kamaludin kavaa miwani, kaisoma yote kwa sauti. Mstari wa pili wasema mwalimu huyo hajawahi kufika mstari wa pili. Wa tatu wasema juzi Wanza alinitumia orodha ya sokoni, vitunguu na maharagwe, nikampa hongera. Baraza zima hoi kwa kicheko! Nikampigia Wanza. Akaniamkia shikamoo babu, kwa adabu kabisa, kisha akasema mtihani ni Jumatatu na hajui hata anakosea wapi. Kahamia kwa Kamaludin. Kamaludin akanisogezea kikombe chake, kwa huruma. Nilikataa. Halafu nikanywa.

Jumatano, 10 Septemba
Wanza kapata kazi! Kaandika barua ya shukrani, ndefu. Yaanza: "Nawashukuru walimu wangu wote." Wote! Mimi nimo. Sikuona haja ya kuendelea. Nimetia kopa, nimeisambaza kote, Lamu pia. Kesho Charo ataniambia nini?