Mgomo wa Hita na Sakafu Yenye Joto

Jumatatu, 9 Januari

Wanamapambano wenzangu! Wapangaji mlioonewa! Enyi mnaovaa makoti mawili ndani ya vyumba mnavyovilipia!

(Hakuna anisikiaye. Hii ni shajara. Lakini mwanaharakati asiyejizoeza faraghani hubabaika hadharani.)

Leo historia imeandikwa kwenye ngazi za nyumba yetu. Kampuni inayosimamia jengo imepandisha malipo ya joto kwa mara ya pili msimu huu, nasi tumejibu. Azimio langu ni fupi na la kutisha: kuanzia leo kila mpangaji afunge vali za hita zake zote, wala zisifunguliwe mpaka kampuni ikubali kuketi nasi mezani. Tuko wapangaji watatu. Mapinduzi hayahesabiwi kwa vichwa.

Kura mbili zimeunga mkono. Ya kwanza yangu. Ya pili ni ya Ansgar Stoll, jirani yangu wa mlango wa pili hapa ghorofani, mwanafunzi mwenzangu, yeye wa sheria, ambaye moyoni mwake anaamini kwamba uenyekiti ulikuwa haki yake. Alitaka neno "mgomo" liwe "usitishaji wa hiari wa matumizi". Nilimshinda kwa kura ya turufu ya mwenyekiti. Sikumbuki kama tuliwahi kuipitisha kura hiyo.

Kura ya tatu ni ya Bi. Walburga Zeeb, mjane, anayeishi chini ya chumba changu. Alilisikiliza azimio lote akiwa ameegemea ufagio, maana wiki hii kibao cha zamu ya kufagia ngazi kimetundikwa mlangoni kwake. Nilipomaliza akauliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba swali lililo mbele yetu ni la haki. Akasema mbele yetu kuna la dengu pia, ziko jikoni na zinapoa.

Hakupiga kura. Nimemwandika: anayesitasita.

Dengu zilikuwa nzuri. Tambi pia.

Jumatano, 11 Januari

Nje, nyuzi tisa chini ya sifuri. Kingo za mto Neckar zimeganda. Ansgar alikuja kuazima blanketi, midomo ikiwa na rangi ya zambarau. Chumba chake kimekaa juu ya uchochoro wa baiskeli na mapipa ya taka, anasema baridi humpanda kutoka miguuni.

Mimi? Mimi kufikia adhuhuri nilikuwa nimevua sweta.

Ansgar alinituhumu kwamba nimefungua vali kwa siri. Nikamwambia aiguse hita. Akaigusa. Baridi kama jiwe la kaburi. Akanitazama kwa wivu wa mfuasi, nami nikamweleza bila kujivuna kwamba baridi humwingia kwanza mwenye mashaka. Imani ni blanketi. Akauliza kama basi naweza kumwongezea blanketi lingine, la kawaida.

Nimeanza kuitunga hotuba kuu. Siwezi kutunga nikiwa nimeketi. Fikra zangu zimo katika nyayo. Kutoka ukutani hadi dirishani, kutoka dirishani hadi ukutani, nikiwa nimevaa mabuti ya mlimani aliyoniachia marehemu mjomba. Mbao za sakafu zinalia kama bunge. Safi kabisa!

Ijumaa, 13 Januari

Kashfa!

Nilikuwa nikipeleka taka. Nikapita mbele ya dirisha la Bi. Zeeb. Nikamwona amevaa gauni la kiangazi lenye mikono mifupi, katikati ya Januari, anajipepea kwa gazeti la vipindi vya televisheni.

Nikabisha mlango kwa kisingizio cha zamu ya kufagia. Ndani ni tanuri la mkate. Hita zote ziko namba tano, ya juu kabisa. Namba tano! Katika Uswabi huu wetu wa Ujerumani, ambamo watu huzima taa wakitaka kuzungumza kwa sababu maneno hayahitaji kuonekana! Bi. Zeeb huyu huyu, ambaye huosha karatasi ya kufungia mkate na kuianika kwenye kamba!

Nilimuuliza sababu. Akasema kuna baridi. Nikamwambia, bibi, unatokwa jasho.

"Si hapa," akasema, na kunikatia kipande cha mkate mtamu wa kusokotwa.

Si hapa! Nimeutafakari usemi huo ngazi hadi ngazi. Hitimisho ni moja: Bi. Zeeb amevuka upande wa pili. Sisi tunafunga, yeye anafungua, na kampuni inacheka. Nimebandika tangazo ukutani pale mlangoni: "Katika jengo hili yumo mtu anayeuchoma mustakabali wetu kwa namba tano." Sikutaja jina. Ansgar anasema katika nyumba ya watu watatu, wawili wakiwa wamefunga, hilo ni kutaja jina. Nikamwambia huo ni uchambuzi.

Mchana wote nimetunga hotuba mpya, "Dhidi ya Usaliti wa Namba Tano". Nimetembea mpaka visigino vikauma. Hasira yangu ilikuwa na joto hata ikabidi nifungue madirisha yote mawili kuingiza hewa, kama desturi ya hapa inavyotaka hata wakati wa baridi, na bado nikabaki na shati moja.

Huu ndio uwezo wa maneno!

Jumapili, 15 Januari

Gudrun, bintiye Bi. Zeeb, huja kila Jumapili kutoka Böblingen. Ni mwanamke ambaye funguo za gari hazimtoki mkononi, kama kwamba wakati wowote dunia itamhitaji aondoke. Leo alilisoma tangazo langu kabla hajabisha kwa mama yake. Kisha akapanda kwangu. Akataka kujua namba tano ni nani.

Nilimpa ukweli wote, tena kwa mpangilio: gauni la kiangazi, gazeti la kujipepea, hita zinazowaka huku madirisha yamefungwa, na lile jibu lisilo na mantiki.

Gudrun alifumbata funguo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alisema hivyo? Kwamba baridi haiko hapo?"

Nikathibitisha.

Akaketi kwenye ngazi, mle mle njiani. Akaeleza kwamba mwezi wa Oktoba mama yake aliacha sufuria motoni ikaungua. Kwamba kule Böblingen kuna nyumba ya kutunzia wazee yenye chumba kizuri kinachotazama bustani, nao wamekubali kumshikia mpaka Alhamisi. Kwamba yeye amekuwa akijiambia wakati bado. Kwamba mtu akishaanza kuhisi baridi katikati ya joto, basi wakati umefika. Akanishukuru kwa kumfungua macho.

Nilirudi ndani. Ilipaswa kuwa ushindi. Msaliti anaondolewa na historia yenyewe, mimi sikuinua hata kidole.

Niligundua kwamba sijawahi kuishi katika nyumba hii bila kusikia redio yake asubuhi.

Jumanne, 17 Januari

Ansgar ameasi. Amefungua vali mpaka namba tatu. Anadai dawa yake ya meno imegoma kutoka kwenye tyubu, na kwamba huo ndio mgomo pekee uliofanikiwa katika jengo hili. Nikamwita mbwa wa mabwana. Akaniita mwenyekiti wa kiti kimoja. Blanketi langu hajarudisha.

Nimebaki peke yangu. Vizuri. Mlima hauna msongamano kileleni.

Nilipotoka nikamkuta Bi. Zeeb anafagia ngazi. Nikamkumbusha kwamba zamu yake imekwisha. Akakubali. Nikageuka nikaona kibao kinaning'inia mlangoni kwangu, tena tangu jana. Nilijaribu kumnyang'anya ufagio. Akasema niuache, wenye mitihani wasishike fagio.

Akanionyesha picha za kile chumba cha Böblingen. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba hita za huko hujiendesha zenyewe, mtu haruhusiwi kuzigusa.

"Sasa nitashughulika na nini mchana kutwa?" akauliza.

Kisha akataka kujua nani atahamia chini yangu baada yake, na kama atakuwa mtu anayehisi baridi upesi. Swali la ajabu. Nikamwambia sijui. Akasema angefurahi kujua, kabla ya Alhamisi. Akanifunga skafu vizuri shingoni, kama mtu anayefunga kifurushi cha safari ndefu, akarudi ndani.

Nimeamua! Bi. Zeeb hataondoka. Ni mimi niliyeiwasha kesi hii kwa ulimi, nami nitaizima kwa ulimi. Alhamisi nitamhutubia Gudrun. Kichwa: "Haki ya Mzee Kutumia Joto Atakavyo". Ndiyo, inapingana kidogo na hotuba ya Ijumaa. Fikra hai hukua.

Nimeanza kutunga mara moja. Ukutani, dirishani. Dirishani, ukutani.

Nimevua sweta tena.

Alhamisi, 19 Januari

Gudrun alifika asubuhi na maboksi. Nilimsikia akishuka garini. Mimi nilikuwa juu namalizia mazoezi, na mabuti, kwa kishindo kinachostahili. Hotuba ina sehemu tatu. Nilikuwa katikati ya ya pili, pale ninapomfananisha mjane na taa ya bandari, mlango ukagongwa.

Gudrun. Hana funguo mkononi.

Hakunisalimu. Alivua viatu, akaingia, akasimama katikati ya chumba kwa soksi tupu. Akaenda kuigusa hita yangu. Akauondoa mkono upesi kwa baridi yake. Akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye mbao za sakafu, akakiacha hapo.

"Ulikuwa unatembea," akasema.

Nikamwambia nilikuwa natunga.

"Kila siku unatunga hivi?"

"Kila siku."

Akaketi kitandani kwangu, juu ya sehemu ya tatu ya hotuba, akanisimulia. Walikuwa chini wakifunga vikombe kwa magazeti. Yeye alikuwa ameshashusha hita za mama yake mpaka namba mbili. Ghafla juu yao mabuti yakaanza. Bi. Zeeb akaweka kikombe chini, akainua kidole kuelekea darini kama mtu anayesikia mtoto akiamka, akaenda kuzungusha vali hadi tano. Gudrun akamuuliza anafanya nini.

"Kijana wa juu ana baridi," mama yake akamjibu. "Kazifunga hita zake, akili hana, lakini baridi anayo. Ikimshika, hutembea. Joto likimfikia, huketi."

Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, kwa sababu sina ya kuishinda.

Ndiyo maana gauni la kiangazi. Ndiyo maana "si hapa". Nilipotembea nikimlaani, aliongeza. Nilipotembea zaidi, aliongeza zaidi, akavumilia tanuri ili dari yake iwe sakafu yangu. Ansgar, masikini, chini yake kuna baiskeli tu.

Nikafungua kinywa niseme jambo linalolingana na saa ile. Gudrun akaniomba, kwa upole, ndugu mwenyekiti ninyamaze kidogo.

Tulishuka pamoja. Bi. Zeeb alikuwa amesimama kando ya hita, jasho kwenye paji la uso, anatazama juu. Alipotuona akauliza kitu kimoja tu.

"Limekufikia?"

Hotuba zangu zote nilikuwa nimeziacha juu kitandani.

"Limenifikia, bibi," nikasema.

Gudrun akaanza kuvitoa vikombe ndani ya boksi, kimoja kimoja, akivifungua kwenye magazeti na kuvirudisha kabatini. Alisema mtu anayeisikia baridi ya mwenzake kupitia dari hajapotewa na akili, amepotewa na pesa tu. Aliposimama kupiga simu Böblingen, awaambie chumba wampe mwingine, aligeukia dirishani tusimwone uso.

Masharti ya amani: mimi nifungue vali yangu hadi namba mbili, Bi. Zeeb ashushe zake hadi mbili. Tumekubaliana. Nyongeza ya joto alilonipikia nitachangia, na zamu zake zote za kufagia mwaka huu ni zangu.

Bi. Zeeb alikuwa na sharti lake pia. Nisiache kutembea.

"Juu kukiwa kimya," akasema, "naanza kuisikia saa ya ukutani."

Jumamosi, 21 Januari

Ushindi kamili!

Natangaza rasmi kwamba mgomo umemalizika kwa mafanikio yaliyozidi matarajio. Umethibitisha nadharia yangu ya tangu mwanzo: joto ni mali ya umma, nalo hutoka chini kwenda juu. Kampuni imejibu. Inatushukuru kwa mawasiliano na kutufahamisha kwamba tangu mgomo uanze, matumizi ya jengo letu yamepanda. Ansgar ameipigia mstari sentensi hiyo kwa wino mwekundu na kuibandika juu ya tangazo langu. Uchokozi wa aliyeshindwa. Amenirudishia blanketi, nami nimelipokea kwa heshima.

Leo ilikuwa siku yangu ya kwanza kufagia tangu ile ahadi. Nilikumbuka jioni. Ngazi zilikuwa zimeshafagiliwa.

Amenifumia sapatu za sufu nitembee bila kuumia visigino. Ni nzuri mno, nimeziweka rafuni zionekane. Lakini fikra hazipandi katika sufu, na kazi iliyo mbele yangu ni kubwa: hotuba ya kumshukuru. Iwe hotuba ambayo mjane wa Tübingen hajawahi kupewa! Nimevaa mabuti. Tangu chakula cha mchana nimekwenda ukutani hadi dirishani bila kupumzika, na bado sijapata hata utangulizi unaomtosha.

Jambo la kushangaza. Vali yangu iko namba mbili kama tulivyoahidiana, na yake pia, bila shaka, kwani tulipeana mikono. Hata hivyo bomba linalotoka chini limeanza kugonga, ti, ti, ti, sakafu imekuwa kama jiwe la jua, na mimi nimebaki na fulana.

Katika nyumba hii yumo mtu anayepoteza nishati!

Wanamapambano wenzangu, hatutalala. Mkutano ni Jumanne, saa kumi na mbili jioni, jikoni kwa Bi. Zeeb. Kwanza dengu. Kisha hotuba. Kisha tutamsaka mhusika mpaka tumpate.