Kuhusu Kulazimishwa Kueleweka

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za utii, ambao umepungua kidogo tu tangu Jumatatu. Mimi ni mkuu wa stoo katika kampuni yako ya kukodisha viti na maturubai, yule mwenye kitambi na funguo, mwaka wa ishirini na sita huu. Napinga agizo la kuandika upya, kabla ya Ijumaa, maelezo ya zana zote kumi na tisa za msaidizi mpya, ile akili mnemba inayojibu wateja. Agizo linasema nisipofanya hivyo dawati langu lihamie banda la maturubai yaliyochanika.

Zana ni zile kazi ambazo msaidizi huyo anaweza kuzifanya: kuangalia kama viti vipo, kutuma lori, na kadhalika. Macho hana. Huchagua zana kwa kusoma nilichoandika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenye macho haambiwi tazama, na asiye nayo avumilie. Zana ya kwanza niliieleza hivi: "Viti: kwa mambo ya viti." Ya pili: "Viti 2: kama hiyo ya juu, ila siyo." Wapakiaji wangu walisoma wakaelewa wote. Kweli, nilikuwa nimesimama hapo nikiwaonyesha kwa kidole, lakini kuelewa ni kuelewa.

2. Mama mkwe wangu aliuliza kwa ujumbe kama tunavyo viti mia mbili, kwa ajili ya mahafali ya mjukuu wake. Msaidizi, badala ya kuangalia stoo, akachagua Viti 2, ambayo ndiyo hutuma lori. Saa nne asubuhi viti na turubai viko uani kwa mama. Majirani kuona turubai, wakaja wanalia. Mama mkwe akatoka na kikombe cha chai kuuliza nani amekufa. Jirani mmoja, badala ya kuona haya, akamjibu, "Ni wewe, mama. Pole sana." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu, na mke wangu ananipakulia chakula akitazama ukuta. Je, hayo ni makosa ya maelezo? Hata kidogo! Msaidizi angejiuliza tu: huyu ni mama mkwe wa nani?

3. Yule binti wa ofisini, fundi wa kompyuta, anataka kila zana niiandikie inafanya nini, inahitaji taarifa gani, itumike lini na, usishangae, isitumike lini. Nyumbani kwangu kijiko kimekaa mezani miaka yote bila tangazo kwamba si cha kuchania nywele. Nilipomwambia hivyo akacheka: "Baba, angekuja mgeni ambaye hajawahi kuona kijiko wala kichwa, ungemwandikia." Adabu za siku hizi!

4. Tukianza kueleweka, tutaishia wapi? Wewe mwenyewe mwezi uliopita ulibandika tangazo: "Lile jambo lishughulikiwe mara moja." Tukalishughulikia. Mhasibu alihamisha kabati, dereva akapaka geti rangi, mimi nikamwomba mlinzi radhi. Hakuna aliyekusumbua kwa kuuliza jambo gani. Huo ndio umoja kazini.

5. Hili nalisema kwa sauti ya chini. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba viti vya rafu ya chini havibebi watu wa umbo langu, kwamba turubai la bluu linavuja kona moja, na kwamba lori dogo likijaa halipandi mlima. Nikishayaandika yote, mtanihitaji kwa lipi?

Kwa hiyo naomba msaidizi asiandikiwe chochote. Akae kando yangu miaka sita, kimya, kama nilivyokaa mimi kwa aliyenitangulia. Asipoelewa, ahamie bandani yeye.

Wasalimie wote ofisini, hasa mlinzi, aliyenisamehe bila kujua kosa. Ukimwona mama mkwe wangu, mwambie bado nipo.

Wako nisiyehitaji maelezo,
Mkuu wa Stoo

Tanbihi: Barua hii inaletwa na msaidizi yuleyule, hivyo imebidi nimwandikie zana ya ishirini: "Peleka barua: hupeleka barua hii kwa Mkurugenzi peke yake, mara moja tu, baada ya mimi kuandika NDIYO. Usiitumie kwa wateja, wala kwa mke wangu, wala, nakusihi, kwa mama mkwe. Ukiwa na shaka usibahatishe, niulize kwanza." Binti fundi ameisoma akiwa nyuma ya bega langu, akasema, "Sasa haya, Baba, nani mwingine angeyajua?" Zile kumi na tisa utazipata Alhamisi. Nimeanza na Viti 2.