Gita la Kaka Lashiba

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kanikabidhi gita la umeme la marehemu kaka. Mbao ya mjozi, kahawia, imeng'aa kama kipara changu. Ndani nusu tupu, kifuani matundu mawili. Jumamosi atakuja dansini, atakaa mbele, anataka kulisikia tena mara moja tu. Nikamwambia alale usingizi. Vidole hivi? Dhahabu!

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Balaa! Nikisogelea spika, gita linapiga mayowe. Mapafu, mpiga tarumbeta wetu, akauliza mbele ya bendi nzima kama nimekuja kupiga gita au kuchinja mbuzi. Eti kaka alikuwa akisimama kando, mbali na spika. Kando! Huko nani ataiona suruali yangu mpya?

Alhamisi, 6 Machi
Nimeng'amua. Ubaya ni ule utupu. Debe tupu haliachi kuvuma! Fundi madirisha kanipa kopo la povu, lile linalovimba na kukauka likiziba nyufa. Akanionya nitie kidogo. Bahili! Nimemimina lote. Utakoma, Mapafu!

Ijumaa, 7 Machi
Povu halijui kushiba. Limefurika matunduni kama uji uliosahauliwa jikoni. Mgongo wa gita umepasuka. Nimekata kwa kisu, nimetia gundi, nimepaka dawa ya viatu. Ukilitazama kwa mbali, jicho moja limefumbwa, zuri.

Jumamosi, 8 Machi
Halikupiga mayowe. Halikupiga chochote cha maana. Ko, ko, ko, kama mtu anayegonga meza akidai chai. Mapafu hakucheka. Afadhali angecheka. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, mkoba mapajani, kisha akaja akapitisha kidole kwenye ufa. Akasema taratibu kwamba mumewe amekufa mara ya pili, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi kwangu kwa mikono yake.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Nimelia, tena machozi ya kweli. Shemeji kanisamehe. Kasema haidhuru, bado anayo kanda moja, kaka akipiga na kuimba, ila redio imeanza kuitafuna. Kesho atamwita fundi redio. Fundi wa nini, na shemeji yake nipo hai? Alipoingia jikoni nikaitia kanda mfukoni. Maskini, nitamfurahisha! Nyumbani nina bisibisi na chupa nzima ya mafuta ya cherehani. Kinachokwama hulainishwa.